Taji la Wawili Si Nusu Taji

Jumamosi ya tarehe 13 Julai 2024, katika uwanja mkuu wa Wimbledon, Barbora Krejčíková wa Jamhuri ya Czech alimshinda Jasmine Paolini wa Italia kwa seti za 6-2, 2-6 na 6-4, akawa bingwa wa wanawake katika mchezo wa mmoja mmoja. Jioni ya siku hiyohiyo, katika uwanja uleule, Mcheki mwenzake Kateřina Siniaková alisimama na Mmarekani Taylor Townsend, wakawashinda Gabriela Dabrowski wa Kanada na Erin Routliffe wa New Zealand kwa 7-6 na 7-6, wakawa mabingwa wa wawili wawili. Krejčíková na Siniaková wametoka mbali pamoja. Mwaka 2013, wakiwa bado wasichana, walitwaa mataji matatu ya Grand Slam ya vijana. Walipokua walitwaa mataji mengine saba ya wakubwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Siku hiyo ya Julai kila mmoja alishinda kwa njia yake. Krejčíková alilipwa pauni 2,700,000. Siniaková na Townsend walipewa pauni 650,000 wagawane, yaani 325,000 kila mtu, kiasi kisichofika hata sehemu moja ya nane ya alichopata mwenzao. Kesho yake, kwa wasomaji wengi wa kurasa za michezo duniani, Wimbledon ilikuwa na bingwa mmoja tu wa kike.

Sidai kwamba malipo yawe sawa. Anayekimbia uwanjani peke yake kwa wiki mbili, bila wa kumfichia kosa, ana haki ya kupata zaidi. Ninachopinga ni mazoea ya kulihesabu taji la wawili wawili kama bahashishi: kitu anachopewa mchezaji juu ya taji la kweli, au anachofutiwa machozi akilikosa. Katika tenisi ya wanawake mazoea hayo yanapotosha historia. Yanatufanya tusielewe mabingwa wanatoka wapi, na yanawafuta baadhi ya wachezaji bora kuwahi kushika raketi.

Tuanze na fedha, kwa sababu fedha huonyesha wakubwa wa mchezo wanathamini nini. Mwaka 1968 Wimbledon iliwafungulia mlango wachezaji wa kulipwa kwa mara ya kwanza. Billie Jean King alishinda taji la mmoja mmoja, akapewa pauni 750, huku Rod Laver akipewa 2,000 kwa upande wa wanaume. King huyohuyo, pamoja na Rosemary Casals, alishinda pia taji la wawili wawili, ambalo zawadi yake ilikuwa pauni 500. Kwa hiyo jozi ya wanawake ilipata theluthi mbili ya alichopata bingwa wa mmoja mmoja. Mwaka 2025 bingwa wa mmoja mmoja alipewa pauni 3,000,000 na jozi bingwa pauni 680,000, ambazo hazifiki robo. Katika kipindi hicho wanawake walipigania usawa na wanaume, wakaupata: US Open ilianza kuwalipa sawa mwaka 1973, na Wimbledon ikafuata mwaka 2007. Ushindi huo ni mkubwa na sina nia ya kuupunguza. Lakini pengo moja lilipokuwa likizibwa, jingine lilikuwa likipanuka kimyakimya, tena ndani ya mchezo wa wanawake wenyewe. Televisheni iligundua kwamba sura moja inauzika kwa urahisi kuliko sura mbili, na waandaaji wakaifuata televisheni.

Hasara ya mtazamo huo inaonekana vizuri katika safari ya Krejčíková mwenyewe. Oktoba 2018 alikuwa akiongoza orodha ya ubora duniani ya wawili wawili, ilhali katika mmoja mmoja hakuwa hata miongoni mwa mia bora. Kwa hesabu ya wengi alikuwa mchezaji wa pembeni aliyepata riziki yake kwenye jozi. Kisha ukaja mwaka 2021. Aliingia Roland Garros mjini Paris akiwa wa 33 duniani, bila kupangwa miongoni mwa vigogo. Katika nusu fainali alikuwa pointi moja tu kutoka kutolewa na Maria Sakkari wa Ugiriki, akaponea chupuchupu, akashinda seti ya tatu 9-7. Katika fainali alimshinda Anastasia Pavlyuchenkova wa Urusi, na siku iliyofuata akarudi na Siniaková kutwaa taji la wawili wawili mbele ya Bethanie Mattek-Sands na Iga Świątek. Hakuna mwanamke aliyekuwa ametwaa mataji yote mawili ya Paris katika mwaka mmoja tangu Mary Pierce mwaka 2000. Wachambuzi waliulizana ametokea wapi. Alikuwa amecheza fainali kubwa tangu 2018, ila wao hawakuwa wakizitazama.

Aliyemlea kimchezo pia anafaa kutajwa. Alipomaliza mashindano ya vijana, Krejčíková alikwenda na mama yake hadi nyumbani kwa Jana Novotná kumwomba ushauri, na Novotná akakubali kumfundisha. Dunia ilimjua Novotná kwa machozi: mwaka 1993 alikuwa akiongoza 4-1 katika seti ya tatu ya fainali ya Wimbledon dhidi ya Steffi Graf, mambo yakamharibikia, akaishia kulia begani mwa Duchess wa Kent wakati wa kukabidhiwa zawadi. Aliposhinda hatimaye mwaka 1998, picha iliyozunguka ilikuwa ya mtu aliyesubiri taji maisha yake yote. Katika simulizi hiyo ni nadra kusikia kwamba mwaka huohuo alitwaa pia taji la wawili wawili la Wimbledon akiwa na Martina Hingis, wala kwamba huko nyuma alikwisha kushinda mataji kadhaa ya aina hiyo. Aliitwa mwoga wa fainali, mtu ambaye kabati lake lilikuwa limejaa vikombe vya fainali. Novotná alifariki Novemba 2017. Mwanafunzi wake amefuata njia yake kwa hatua zilezile, ikiwemo ile ya kutwaa Wimbledon akiwa amekwisha kukomazwa na wawili wawili.

Sababu za wawili wawili kuwakomaza mabingwa ni za kiufundi. Mchezo wa wawili wawili hupanua uwanja kutoka mita 8.23 hadi mita 10.97, lakini humweka adui karibu na wavu, akisubiri mpira wowote uliopigwa ovyo. Kurudisha mpira wa kuanzia katikati ya uwanja, jambo ambalo katika mmoja mmoja linaweza kukuokoa, hapa ni kujitia kitanzi. Mchezaji hulazimika kulenga, kuamua haraka, kuupiga mpira kabla haujagusa ardhi, na kuanzisha mpira kwa hesabu badala ya nguvu tupu. Zaidi ya yote, huzoea fainali. Aryna Sabalenka alitwaa mataji mawili ya Grand Slam ya wawili wawili akiwa na Elise Mertens wa Ubelgiji, New York mwaka 2019 na Melbourne mwaka 2021, kabla hajapata hata moja la peke yake. Ashleigh Barty alishinda US Open ya wawili wawili mwaka 2018, na miezi tisa baadaye akawa bingwa wa Roland Garros wa mmoja mmoja. Coco Gauff alifika kileleni mwa orodha ya wawili wawili Agosti 2022, mwaka mmoja kabla ya kutwaa US Open peke yake.

Hapa msomaji makini atanipinga, na ana haki. Monica Seles alitwaa mataji tisa makubwa ya mmoja mmoja bila hata moja la wawili wawili. Maria Sharapova, Justine Henin na Naomi Osaka nao hawakuhitaji jozi ili wawe mabingwa, na Graf, pamoja na mataji yake 22, alishinda moja tu la wawili wawili, Wimbledon mwaka 1988 na Gabriela Sabatini. Nakubali: wawili wawili si njia ya lazima. Tena hoja kwamba jozi ni shule ya mabingwa, nikiitegemea peke yake, itanirudia. Nikisema taji la wawili wawili lina thamani kwa sababu huzaa mabingwa wa mmoja mmoja, nimekubali kwamba thamani yake imekopwa kwingine. Lazima hoja isimame kwa miguu yake: je, bingwa wa wawili wawili ambaye hakuwahi kutwaa taji kubwa peke yake ni bingwa kamili?

Jibu langu ni ndiyo, na mfano wangu ni Natasha Zvereva. Juni 1988, akiwa na umri wa miaka 17, alifika fainali ya Roland Garros na kupigwa na Graf 6-0, 6-0. Kila mara historia ya fainali za aibu inapoandikwa, jina lake hufufuliwa. Baada ya siku hiyo alitwaa mataji 18 ya Grand Slam ya wawili wawili, 14 kati yake akiwa na Gigi Fernández, na kuanzia Roland Garros ya 1992 hadi Wimbledon ya 1993 jozi hiyo ilishinda mashindano makubwa sita mfululizo. Mtu anayeshinda mara sita mfululizo dhidi ya wapinzani bora duniani hawezi kuitwa mchezaji wa pembeni. Ila tulichagua kumkumbuka kwa zile seti mbili za Paris.

Wapo wanaosema kwamba wachezaji wa jozi ni wale walioshindwa mmoja mmoja, na kwamba nyota wangeamua kuingia wangewafagia. Kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kulipima dai hilo. Agosti 2025 waandaaji wa US Open walilipima bila kukusudia. Walibadilisha mashindano ya jozi za mwanamke na mwanamume, wakayapeleka wiki moja kabla ya ratiba kuu, wakaweka zawadi ya dola milioni moja, na wakapunguza jozi hadi 16: nane ziliingia kwa viwango vyao vya mmoja mmoja, nane kwa mwaliko. Wachezaji wa jozi walilalamika kwamba wamefungiwa nje ya nyumba yao. Jozi moja ya mafundi iliyoalikwa ilikuwa ya Waitaliano Sara Errani na Andrea Vavassori, mabingwa wa mwaka uliotangulia. Nyota walikuja kweli, na Errani na Vavassori wakawashinda wote. Fainali waliichukua mbele ya Iga Świątek, bingwa mpya wa Wimbledon, na Casper Ruud. Errani alikuwa na miaka 38, na kasi ya mpira wake wa kuanzia huchekwa na watazamaji. Alijua pa kusimama. Shindano moja halimalizi ubishi, lakini baada ya hapo mzigo wa ushahidi uko kwa anayedai kwamba wawili wawili ni kimbilio la wanyonge.

Pingamizi zito zaidi ni la watazamaji. Tiketi na matangazo ya televisheni ndiyo yanayolipa mishahara, husemwa, na hakuna anayenunua tiketi kwa ajili ya jozi. Lakini mwaka 2016, saa chache baada ya Serena Williams kumshinda Angelique Kerber na kufikisha taji lake kubwa la 22, alirudi katika uwanja mkuu wa Wimbledon na dada yake Venus wakatwaa taji lao la 14 la Grand Slam wakiwa pamoja. Walicheza fainali 14 za aina hiyo wakashinda zote 14, na sidhani yupo aliyetoka uwanjani jioni ile kwa kuchoshwa. Mwaka 2025, Venus akiwa na miaka 45, alicheza US Open na Leylah Fernandez wa Kanada wakafika robo fainali, na mashabiki wakawafuata kila walipopangwa. Watu hufuata majina wanayoyajua, na majina hujulikana yakitangazwa. Ukiipanga fainali ya wawili wawili mwisho wa siku, wakati watu wanawahi treni, kisha ukasema watu hawaitaki, umejijibu swali lako mwenyewe. Wimbledon walilitambua hilo walipobadilisha ratiba mwaka 2025, wakaziweka fainali za wawili wawili kabla ya zile za mmoja mmoja. Mwaka huohuo fainali ya wanawake ya mmoja mmoja ilimalizika kwa dakika 57, Świątek akimshinda Amanda Anisimova 6-0, 6-0. Kesho yake Veronika Kudermetova na Mertens walihitaji seti tatu kuwashinda Hsieh Su-wei na Jelena Ostapenko. Aliyetaka kuona mashindano siku hizo mbili, aliyaona Jumapili.

Kuna jingine linaloipa tenisi ya wanawake sababu yake yenyewe ya kujivunia. Mwanamume wa mwisho kutwaa mataji yote mawili katika Grand Slam moja ni Yevgeny Kafelnikov, Paris mwaka 1996. Wanaume wakubwa wameacha jozi, na mechi za seti tano zimechangia kuwaondoa. Wanawake hucheza seti tatu, na wenye pupa ya kulinganisha hulitaja hilo kama upungufu. Lakini ndilo lililowawezesha Hingis, Lindsay Davenport, dada wawili Williams na Krejčíková kushinda peke yao na kwa jozi katika wiki mbili zilezile. Huo ni ubingwa wa aina ambayo haijaonekana upande wa wanaume kwa karibu miaka 30. Hata hivyo, mjadala wa nani mkubwa kuliko wote huzungushwa kila mwaka kati ya mataji 24 ya peke yake ya Margaret Court na 23 ya Serena, kana kwamba nambari nyingine hazipo. Martina Navratilova ana mataji makubwa 18 ya peke yake, 31 ya jozi ya wanawake na 10 ya mchanganyiko wa mwanamke na mwanamume, jumla 59. Yeye na Pam Shriver walishinda mechi 109 mfululizo kati ya 1983 na 1985. Mwandishi anayempima Navratilova kwa yale 18 pekee ameacha nje zaidi ya theluthi mbili ya kazi yake.

Wazee wa mchezo huo walihesabu tofauti. Elizabeth Ryan, mzaliwa wa California, hakuwahi kutwaa taji kubwa la mmoja mmoja. Alikuwa na mataji 19 ya Wimbledon, 12 ya jozi ya wanawake na saba ya mchanganyiko, na kwa miongo kadhaa rekodi hiyo ilitajwa kama rekodi ya Wimbledon, bila nyota ya maelezo chini yake. Billie Jean King aliikimbiza kwa miaka, akaivunja tarehe 7 Julai 1979 kwa taji lake la 20, nalo lilikuwa la wawili wawili akiwa na Navratilova. Ryan alikuwa amefariki siku moja kabla, akiwa na miaka 87, baada ya kuanguka palepale Wimbledon. King, ambaye ana mataji sita ya peke yake katika uwanja ule, hakuona vibaya kuhesabu yote 20.

Sisi wasomaji wa Afrika Mashariki tuna sababu ya karibu zaidi. Julai 2022 Angella Okutoyi, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alipoteza seti ya kwanza ya fainali ya wasichana ya wawili wawili ya Wimbledon 3-6, akashinda ya pili 6-4, na kumaliza 11-9 katika pointi za kuamua mshindi. Alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana. Kenya ilisherehekea, na sikumbuki gazeti lolote la huku lililoandika kwamba ameshinda nusu taji kwa sababu upande wake wa wavu alikuwapo pia Mholanzi. Waliopoteza siku hiyo walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, ambaye wazazi wake wanatoka Kongo. Miaka mitatu baadaye Mboko alimshinda Osaka katika fainali ya Montreal, na jina lake likajulikana dunia nzima. Kwa nchi zenye viwanja vichache na makocha wachache, mashindano ya jozi ni mlango ulio wazi zaidi. Mchezaji mmoja mzuri kutoka Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuunganishwa na mwenzake kutoka nchi nyingine na kufika fainali, ilhali njia ya peke yake humdai mtaji wa miaka mingi. Mashirikisho yetu yakiendelea kuamini kwamba wawili wawili ni mchezo wa pili, yatapanga mazoezi na fedha kwa imani hiyo, na mlango huo utabaki bila mtu wa kuupita.

Ninachokitaka hakigharimu pauni hata moja kuanzia. Dawati la michezo linapochapisha matokeo ya Melbourne, Paris, London na New York, liandike majina matatu ya mabingwa wa wanawake, lisiishie kwenye moja, na liseme walishindaje. Linapomtambulisha Siniaková, litaje mataji yake kama linavyotaja ya Świątek. Baada ya misimu michache ya hivyo, waandaaji wakija na hoja yao kwamba wasomaji hawawajui wachezaji wa jozi, wawekewe magazeti mezani.